Miche ya tishu ya mchikichi: kasoro ya maua yaweza kuonekana kitaluni?

Mkulima_Mawese: Wakuu, miche imekuzwa maabara kutoka tishu ya mti mama mmoja wa mchikichi, lakini baadhi ikianza kuzaa inatoa chikichi zenye "vidole" pembeni, na mikungu mingine inaoza kabla ya kuiva. DNA imesomwa, herufi ni zilezile. Tatizo liko wapi? Linapimika kabla ya kupanda shambani?

Karpeli: Herufi hazijabadilika, zilizobadilika ni alama za methili zilizo juu yake, yaani vikundi vidogo vya kikemia vinavyobandikwa kwenye DNA na kuathiri jinsi jeni inavyosomwa. Ndani ya introni (sehemu inayokatwa na kutupwa ujumbe wa jeni unapotengenezwa) ya DEFICIENS, jeni inayoamuru stameni (viungo vya kiume vya ua) ziumbike, amelala jeni mrukaji, kipande cha DNA kinachoweza kuhama, aitwaye Karma. Kwenye mti usio na kasoro amefunikwa methili. Methili ikipotea karibu na sehemu yake ya kuunganishia, eksoni (sehemu ya jeni inayobaki kwenye ujumbe) inaunganishwa naye badala ya kuunganishwa na eksoni inayofuata, na ujumbe wa jeni unakatika njiani. Ua la kike lina stameni 6 zilizodumaa. Hizo hugeuka karpeli (viungo vya kike vya ua), ndivyo vidole hivyo. Watafiti wa Malaysia walilieleza hili mwaka 2015.

Maabara_B: Linapimika kwa jani changa, kwa bisulfaiti, kemikali inayogeuza herufi za DNA: C isiyo na methili inasomeka T, yenye methili inabaki C. Mchikichi una fenoli nyingi, kwa hiyo toa DNA kwa CTAB (sabuni ya kutolea DNA) yenye PVP (inayonasa fenoli), la sivyo inatoka kahawia na PCR, yaani kunakili kipande cha DNA mara nyingi, inagoma. Tumia nanogramu 200–500 za DNA, na kipande cha PCR kisizidi bezi (herufi) 300 hivi, maana bisulfaiti inakatakata DNA.

Wengi hukwama kwenye praima, vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha PCR ianzie wapi. Mimea huweka methili hata kwenye C ya CHG (H ni A, C au T), si ya CG tu. Ukiunda praima kwa programu ya jeni za binadamu, itanasa nyuzi zisizo na methili pekee, nawe utaitupa miche isiyo na kasoro. Weka Y (C au T) na R (A au G) kwenye praima panapostahili. Pima pia kipande cha DNA ya kloroplasti: hakina methili, kwa hiyo C zikibaki nyingi humo, ugeuzaji wa C kuwa T haukukamilika na matokeo yote hayafai.

Karpeli: Naongeza: muulize muuzaji alitumia kalasi (bonge la seli linalokuzwa maabara kabla ya miche) ya aina gani. Ile ngumu yenye vinundu hutoa karibu 5% ya miche yenye kasoro, ile laini inayokua haraka karibu 100%.

Mkulima_Mawese: Na iliyokwisha kuzaa hivyo, ing'olewe?

Maabara_B: Yenye vidole vichache isubiri, mingine hurejea hali ya kawaida kadiri miaka inavyokwenda. Ile ambayo kila mkungu unaoza, ng'oa.