Kuweka vifurushi kwenye Ubuntu ya maabara bila ya sudo

mkaazi_wete
Assalaam alaykum. Kompyuta za maabara hapa Chake Chake zina Ubuntu 22.04, na akaunti yangu haimo kwenye sudo (ruhusa ya kuendesha amri kama admini). Nikiandika `apt install ffmpeg` inanijibu:

`Could not open lock file /var/lib/dpkg/lock-frontend - open (13: Permission denied)`

Nataka ffmpeg (programu ya kugeuza video na sauti) na Python 3.12, iliyopo ni 3.10. Kota yangu ya home (nafasi niliyopewa kwenye diski) ni GB 5. Kuna njia isiyotaka paswedi ya admini? Homebrew, kile kisakinishi chengine cha vifurushi, itafaa?

tunguu_terminali
Waalaykum salaam. Apt iache, yakhe. Inaandika ndani ya /usr na /var/lib/dpkg, na huko haandiki mtu ila root, yaani admini mkuu. Homebrew nayo itakuchosha: vifurushi vyake vilivyokwisha kujengwa vinategemea njia moja, /home/linuxbrew/.linuxbrew, na folda hiyo huifungui bila ya sudo. Ukiiweka pengine, vingi itavijenga upya kutoka msimbo, na kompyuta itakoroma mpaka adhana ya Magharibi.

Chukua micromamba, kisakinishi kinachoweka vifurushi ndani ya folda yako mwenyewe. Ni faili moja tu:

`cd ~`
`curl -Ls https://micro.mamba.pm/api/micromamba/linux-64/latest | tar -xvj bin/micromamba`
`~/bin/micromamba shell init -s bash -r ~/micromamba`

Funga terminali, fungua nyengine:

`micromamba create -n kazi -c conda-forge python=3.12 ffmpeg`
`micromamba activate kazi`

Halafu `which python3`. Ukiona /usr/bin, mazingira hujayaamsha.

mkaazi_wete
Shukran. Imeshuka vizuri, lakini `~/bin/micromamba` inasema "Permission denied". Nimefanya chmod +x (kulipa faili ruhusa ya kuendeshwa), hali ni ile ile.

bahari_na_bash
Basi si chmod hiyo. Andika `findmnt -T ~` utazame safu ya OPTIONS. Ukikuta `noexec`, diski ya home imefungwa kwa makusudi isiendeshe programu, na hata ukilipa faili ruhusa zote (777) haitokwenda. Mwambie admini akupe folda kwenye diski isiyo na noexec. Weka humo faili la micromamba lenyewe, na njia ya folda hiyo uiandike baada ya `-r`. Kuzunguka kizuizi hicho kimyakimya ndiyo njia ya kufungiwa akaunti.

Kuhusu kota: angalia `quota -s` kabla ya kuanza. Ikijaa katikati utaona "Disk quota exceeded" na mazingira yatabaki nusu. Yafute kwa `micromamba env remove -n kazi` uanze tena. `micromamba clean -a` inaondoa mabaki ya upakuaji.

tunguu_terminali
Ila usiifanye hiyo clean kama wenzako nao wanavitaka vifurushi ulivyopakua, bando si bure. Kwanza toa orodha:

`micromamba env export -n kazi --explicit > orodha.txt`

Kisha funga folda ya pkgs (iliyomo ndani ya folda ya micromamba, yenye vifurushi vilivyopakuliwa) kwa tar, uipeleke kwa flashi pamoja na orodha. Usiikopi hivi hivi: flashi ya FAT32 haihifadhi viungo wala ruhusa za faili, na faili moja haliwezi kufika GB 4. Mwenzako akishaifungua ndani ya folda yake ya micromamba:

`micromamba create -n kazi -f orodha.txt`

Folda ya envs, yenye mazingira yaliyokwisha kusakinishwa, usiihamishe kabisa. Njia zake zimeandikwa ndani ya faili wakati wa kusakinisha, na kwa mtu mwengine zitaelekea kwenye home yako.