Kuweka AC kwa Peugeot 504 pikapu ya 1987, nianzie wapi?

Kisauni504
Salaam wana gari. Niko na 504 pikapu ya 1987, zile zilizoungwa hapa Kenya, petroli lita 2, kabureta. Ni ya mzee wangu, Mungu amrehemu, bodi bado safi na dashibodi haijaguswa na mtu, ndo maana nauliza kabla sijampa fundi ruhusa ya kukata chochote. Shida yangu ni joto. Kaskazi ikishika natoka Kisauni asubuhi kwenda Changamwe, nikifika shati lishaganda mgongoni, na nikifungua vioo foleni ya Nyali Bridge moshi wote wa malori wanijia mimi. Kuna fundi aniambia tununue AC nzima iliyotolewa kwa Probox, kompresa, kondensa na kila kitu, halafu atapachika tu. Mwingine asema injini hii haiwezi, itachemka. Sasa nauliza walioifanya kazi hii kwa gari za zamani, kompresa gani inakaa, injini itahimili, na je kuna njia ya kuweka bila kuharibu dashibodi ya mzee? Gari sibebei mzigo mzito siku hizi, ni mjini na mara mojamoja Kilifi.

MtuWaLikoni
Dereva Ove Andersson alishinda Safari Rally 1975 na 504 na sidhani alikuwa na habari ya AC. Fungua vioo tia taulo shingoni yakhe 😂

FundiJomvu
Waaleikum salaam ndugu. Usimsikize wa Likoni, huyo hupigwa na upepo wa bahari bure.

Swali lako umelianzia mwisho. AC yenyewe si kazi, kazi ni hiyo gari inayoibeba. Kondensa, kile cha kupoza gesi ya AC, inakaa mbele ya rejeta, kwa hivyo hewa inayofika kwa rejeta ishapata moto tayari, halafu injini yenyewe umeiongezea mzigo wa kuzungusha kompresa, ile pampu ya gesi. 504 bloku ni chuma lakini hedi ni aluminiamu, ikichemka sawasawa hedi inapinda na gasketi inakwenda, na hapo utatoa pesa ukasahau habari ya AC. Kwa hivyo yule aliyekwambia itachemka hakukosea kabisa, itachemka kama rejeta imeziba. Ifunguliwe tangi juu na chini, mirija isuguliwe, na ikiwa imechoka ibadilishwe kiini. Wota pampu iangaliwe. Na hiyo 504 feni yake ni ya sumaku, haizunguki na injini mpaka maji yapate moto ndo inanasa, nyingi nazokutana nazo sumaku ishakufa na mtu ameifunga na bolti izunguke siku zote au imeachwa hivyo hivyo haizunguki kabisa. Angalia yako iko namna gani, na hata ikiwa nzima bado weka feni ya umeme kwa kondensa, manake foleni ya Kongowea jioni hakuna upepo wa kuingia mbele.

Kingine watu hawakifikirii ni hita. Gari imetoka na hita, hapa Mombasa haina kazi yoyote, lakini maji moto yanapita mle chini ya dashibodi kila siku na ile bomba ya kufunga ikizeeka haifungi tena. Unaweka AC huku una jiko miguuni. Zitoe hosi mbili za hita zinapoingia ndani, ziunganishe zenyewe kwa zenyewe upande wa injini, na ile hita yenyewe iache ikae pale pale kama unataka gari ibaki kama ilivyo.

Kompresa ya Probox achana nayo. Si mbovu, ila puli yake ni ya mkanda mpana wa mifereji na gari yako ni mkanda wa V, utaanza kubadilisha puli moja mpaka ubadilishe zote. Tafuta kompresa ya Sanden 508 au saizi hiyo yenye puli ya V. 5 ni pistoni tano na 8 ni inchi za ujazo, kama cc 138 hivi, kwa kabini ndogo ya pikapu inatosha na kubaki. Zinatumika kwa malori na trekta kwa hivyo hata sili zake zinapatikana. Breketi ndo itakutesa, hakuna ya kununua dukani, itakatwa kwa bati nene milimita 8 au 10, ichomelewe, na puli zote zikae mstari mmoja kabisa. Ukiona mkanda unatoa vumbi jeusi jua mstari umekosewa, usikubali fundi akwambie "itajizoesha".

Ndani weka ile boksi ya kuning'inia chini ya dashibodi, evaporeta (ile inayotoa baridi) na blowa (feni ya kusukuma hewa) ziko pamoja, inashikwa na skrubu nne tano na siku ukitaka kuitoa dashibodi ya mzee haijakatwa. Itakula nafasi ya magoti ya abiria wa katikati, hilo utalivumilia.

Kisauni504
Shukran sana ami, hili la hita sikulifikiria hata kidogo. Na umeme je? Altaneta ni ile ya zamani. Nimeona pia zile AC za kuweka juu ya paa za malori, zatumia betri, hazina mkanda wala kompresa ya injini, si ndo rahisi?

BintiTudor
Kaka za paa wacha. Mimi kazi yangu ni umeme wa magari na hizo naziona, zinavuta ampea 50 na zaidi, kwa lori la volti 24 lenye altaneta kubwa sawa, kwa 504 utamaliza betri njiani. Halafu utoboe paa la mzee? Si umesema hutaki kukata.

Hata ya mkanda piga hesabu kwanza. Blowa ikiwa kasi ya mwisho ni kama ampea 12 mpaka 15, feni ya kondensa 10 na kitu, klachi ya kompresa (inayoinasisha na mkanda) 4 hivi, sasa ongeza taa za mbele usiku, waipa na plagi, ushapita 40, na altaneta gari ikiwa imesimama haitoi hata nusu ya ile namba imeandikwa. Soma kibandiko chake, ikiwa chini ya 50 weka ya 70 kwenda juu. Feni na blowa kila moja na rilei yake (swichi ya kubeba umeme mkubwa), fyuzi iwe karibu na betri, waya mnene, na usichukue umeme kutoka kwa swichi ya zamani ya dashibodi, zile waya za miaka hiyo zishakuwa ngumu kama vijiti zinapata moto ndani kwa ndani. Swichi ya presha pia lazima, gesi ikipungua au presha ikipanda sana inakata kompresa kabla haijajiua.

Na raundi za injini! Gari ya kabureta haina kompyuta ya kuongeza mafuta yenyewe, klachi ikinasa tu kwenye foleni injini inatetemeka au inazima. Gari za Kijapani za kabureta za miaka ya 80 na 90 zilizokuja na AC zina kidude cha kuvuta kabureta kidogo AC ikiwaka, kinafanya kazi kwa vakyumu, kinaweza kufungwa kwa 504 na fundi mwenye subira. Bila hicho fundi atakupandishia raundi za siku zote na mafuta utayalilia. Weka pia swichi ya kuzima kompresa kwa mkono, ukipanda Mazeras utaitaka.

Mtwapa_Boy
Mi yangu (si 504, ni Datsun) niliwekewa gesi ya kupikia, inabaridi kuliko hiyo R134a, gesi ya kawaida ya AC za gari, na bei ni maji. Msitishane.

FundiJomvu
@Mtwapa_Boy inabaridi ndiyo, hakuna anayebisha, hata friji za siku hizi ziko na gesi ya jamii hiyo, lakini friji ina gramu chache na imefungwa kabisa. Gari hosi zinatetemeka, evaporeta iko ndani miguuni kwako, ikivuja umefunga vioo na swichi ya blowa inatoa cheche. Mimi gari ya mtu siitii gesi hiyo. R12, gesi ya AC ya zamani, nayo ishaondolewa sokoni kwa sababu ya mkataba wa Montreal wa 1987 wa kulinda ozoni, kwa hivyo bakia na R134a, na kondensa nunua ya mirija bapa ya kisasa, kubwa inayoenea pale mbele, manake R134a ndani ya kondensa ndogo na jua letu hili haipoi.

@Kisauni504 dada wa Tudor amemaliza ya umeme. Mimi nimalizie ya gesi. Hewa ya Mombasa ina maji mengi, na maji ndani ya mfumo yakifika kwa vavu ya kupunguza presha yanaganda, utaona AC inabaridi dakika kumi halafu inakata halafu inarudi, na watu wanaanza kubadilisha kompresa bure. Draya, ile chupa ya kunyonya unyevu, ifunguliwe vifuniko vyake mwisho kabisa, hosi zote zishafungwa. Mfumo usipimwe kwa upepo wa mashine ya kujaza tairi, huo umejaa unyevu, apime na nitrojeni. Halafu vakyumu isipungue dakika 45, azime pampu asubiri aone mshale haurudi. Akikwambia vakyumu si lazima, chukua funguo zako uondoke. Gesi aitie kidogo kidogo kwa mizani huku akitazama geji zote mbili, siku ya digrii 32 upande wa chini ukikaa kama psi 30 mpaka 40 na wa juu 200 mpaka 250 uko sawa.

Kisauni504
Sawa, naanza na rejeta na altaneta kabla ya kununua AC yenyewe. Bei ya kazi huwa mnapatana vipi?

BintiTudor
Usikubali bei ya jumla. Mwambie atenge breketi na kuchomelea peke yake, umeme peke yake, gesi na vakyumu peke yake, hivyo kazi moja ikikosewa unajua unamrudia nani.

FundiJomvu
Na mpira wa kutoa maji ya evaporeta uutoboe upite chini kabisa nje ya bodi, uwe na mteremko, usiishie juu ya chesisi. Hapa kwetu maji yanatoka kama bomba, yakibaki ndani ya zulia mwaka hauishi sakafu ya 504 ishaliwa na kutu. Kondensa nayo kama unapita pwani pwani kwenda Kilifi, imwagie maji baridi ya bomba mara kwa mara utoe chumvi, ila si kwa mashine ya presha, mapezi yatalala.