Tupeane uzoefu: kuhamishia kondoo na mbuzi shamba jipya nyasi zinapochipua

Wakuu, uzi huu ni wa waliowahi kuingiza kondoo na mbuzi shamba jipya msimu wa nyasi kuchipua. Nadharia tunazo tele, leteni yaliyowakuta.

Naanza. Wangu walishuka garini wakaona kijani kila upande, nami nikawafungia zizini na nyasi kavu. Majirani walinicheka. Lakini nyasi changa ni maji matupu, nyuzinyuzi kidogo, na vijidudu vya tumbo la kucheua huchukua wiki 2 hadi 3 kuzoea chakula kipya. Nikawa nawatoa muda mfupi, wakishashiba nyasi kavu, naongeza polepole. Hakuna aliyevimba tumbo. Mbuzi walilalamika usiku kucha, ila kelele haziui.

*

Umenena mkuu, ila kuvimba siyo hatari pekee. Kwetu kondoo anayenyonyesha alianza kutetemeka, akapepesuka kama mlevi, akaanguka anarusha miguu. Daktari wa mifugo aliwahi, akamchoma sindano, akapona. Tatizo magnesiamu: nyasi zinazokua kwa kasi huwa nayo kidogo, na mama anaimwaga kwenye maziwa kila siku. Sasa hivi madini yenye magnesiamu yanatangulia, malisho yanafuata.

*

Kwenye madini hapo, msinunue aina moja kwa wote. Ya mbuzi mara nyingi yana shaba. Mbuzi anaihitaji, kondoo inamrundikia kwenye ini kimyakimya, halafu siku moja unamkuta amekufa na hujui kisa. Mbuzi wangu wanalambia bandani mwao, kondoo hafiki.

*

Mimi niseme fensi. Kondoo akikuta waya anageuka. Mbuzi anaupanda, anausukuma, anatafuta palipolegea. Mwenye pembe anapenyeza kichwa kwenye wavu vizuri tu, kukitoa ndiyo kazi. Na kabla ya kuwafungulia, zunguka mpaka wote ukiangalia mimea. Mwenye shamba wa zamani alikuwa amepanda oleanda za mapambo. Tuling'oa na kubeba hadi vijiti, kwa sababu majani yake hata yakikauka sumu ipo palepale.

*

Mbona hakuna aliyetaja karantini? Kama una mifugo ya zamani, wapya wakae peke yao wiki 3 hadi 4. Funua kope la chini: likiwa jeupe kwa ndani, huenda minyoo inamnyonya damu. Ukishawapa dawa usiwatoe siku hiyohiyo. Wabaki zizini siku moja mbili, mayai ya minyoo sugu yaishie kwenye samadi, siyo kwenye malisho safi. Wakianza kuchunga, subirini umande ukauke na msiache nyasi zikaliwa hadi chini kabisa. Viluwiluwi vya minyoo vimejaa hukohuko chini.

*

Wadau, karantini yangu imeisha, lakini wa zamani wanampiga mbuzi mpya hadi anashindwa kula. Nimrudishe akae peke yake?

*

Mrudishe, ila umtafutie mwenzake waingie wawili. Ongeza vihori, uvitawanye, maana jeuri mmoja hawezi kulinda vyote. Kupigana pembe siku chache ni kawaida, wanapangana nani mkubwa. Ukiona damu au anabanwa kwenye kona hana pa kutokea, mtoe haraka. Aliyetiwa mimba usimwingize kwenye vurugu hizo kabisa.