Naombeni ushauri: amplifaya ya kusikilizia santuri za marehemu baba (niko Mtwara)

Wakuu, habari za jioni. Niko Shangani. Marehemu baba aliniachia santuri kama sitini, nyingi za dansi na taarabu, na pleya yake bado inazunguka vizuri. Amplifaya ndiyo imekufa. Spika ninazo: omu 6, unyeti (sauti zinayotoa kwa wati moja) desibeli 87, sebule mita 4 kwa 5.

Nimebaki na mbili kichwani. Yamaha A-S301 inatoa wati 60 kila upande kwenye omu 8. Denon PMA-600NE inatoa 45, ila ina Bluetooth, watoto wataifurahia. Zote zina tundu la pleya yenye sindano ya MM (ile aina ya kawaida ya sumaku). Moyo wangu uko kwa Denon, maana kutoka wati 45 hadi 60 sauti inaongezeka desibeli 1 na kidogo tu.

Fundi mmoja ananishawishi nichukue iliyotumika ya kutoka Japani, bei nusu. Lakini hiyo ni ya volti 100 na kwetu ni 230. Lazima transfoma ya kushusha, na siku mgeni akiichomeka ukutani moja kwa moja, kwisha habari.

Kinachoniumiza zaidi ni hewa ya chumvi. Ile ya baba matundu yaliota ukijani, upande mmoja ukawa unakatika katikati ya wimbo. Ninyi wa pwani, Lindi, Kilwa, mnazitunzaje? Nikiifunika kitambaa ikiwa imezimwa inatosha, au unyevu unaingia tu? Na stabilaiza ya ukubwa gani?