Kansa ya figo ikishahamia kwenye mifupa, mgonjwa anakuwa na muda gani?

kitindamimba_82: Wakuu habari za humu. Mzee wangu ana miaka 64, alitolewa figo ya kushoto 2017 sababu ya kansa, tukaambiwa imetoka yote akarudi shamba kama kawaida. Mwaka huu akaanza kulalamika nyonga na mgongo, tukawa tunamchua tu tukijua ni uzee na jembe, maumivu ya usiku yakazidi ndo tukampeleka kupiga picha ya CT, imeonekana ile kansa imehamia kwenye nyonga na pingili moja ya mgongo. Daktari kasema stej ya nne, foleni ilikuwa ndefu tukatoka bila kuuliza kitu. Sasa nyumbani ni vurugu, kaka anataka kiwanja kiuzwe, baba mdogo anasema tusimtese mgonjwa arudi kijijini. Hivi mtu akifika hapo ni miezi au miaka?

nesi_mstaafu: Pole sana mwanangu. Kupona kabisa kwa stej hiyo ni nadra, nisikudanganye. Ila miezi au miaka inategemea vitu ambavyo daktari wake anavijua, rudini mkamuulize. Mifupa ni hiyo miwili tu? Mapafu, ini na ubongo viko salama? Damu imepungua, kalisiamu imepanda, chembe nyeupe na zile za kugandisha damu zikoje? Anajihudumia mwenyewe au anabebwa? Kwa mzee wako kansa kurudi baada ya miaka yote hiyo ni afadhali kuliko ingemlazimu kuanza dawa ndani ya mwaka wa kwanza. Na msiuze kiwanja kwa ajili ya kemotherapi zile za kawaida, kansa ya figo haizisikii.

Mnyamwezi_wa_Mjini: Nyongeza kwa mama hapo juu, namba nyingi za google ni za zamani. Madaktari huwapanga wagonjwa makundi kwa vitu kama alivyouliza mama, hali ya damu, kalisiamu, kujihudumia na muda. Utafiti wa 2009 enzi za vidonge vya kansa kama sunitinib, wale wa kundi la kati nusu yao walivuka miezi 27, wa kundi baya kama miezi 9 hivi. Zikaja drip za kuamsha kinga, nivolumab na ipilimumab kwa pamoja, makundi hayo mawili ukiyajumlisha nusu yao wamekaribia miaka 4. Wenye kansa kwenye mifupa kawaida wanakuwa chini ya wenzao, na bei ya hizo drip ni ya kuogopesha kwa kweli, kwa hiyo ulizeni bima inabeba nini kabla ya kugusa kiwanja.

mzizi_asilia: Nicheki inbox kuna mzizi unasafisha kansa yote siku 21

Bi_Chausiku: Mzizi kwa mtu mwenye figo moja? Hebu tuondokee hapa. Mleta mada, mama yangu naye kansa ya figo ilimhamia sehemu moja tu, kwenye paja, mfupa ukavunjika akiinuka kitandani. Wakaziba kwanza mishipa inayolisha uvimbe maana hizi za figo zikikatwa zinavuja damu balaa, ndo wakamwekea chuma, baadaye mionzi, akatembea na fimbo na tukawa naye miaka mitatu na ushee. Mionzi ya maumivu wakati mwingine ni mara moja tu na anapata usingizi. Kuna na sindano ya kukaza mifupa, ila meno yakaguliwe kwanza kwani inaweza kuharibu taya. Diklofenaki msimpe hovyo, ile figo iliyobaki itaumia, ulizeni mofini ya kunywa. Hata akirudi kijijini, arudi na dawa ya maumivu.

kitindamimba_82: Shikamoo mama nesi, asanteni wote. Nimeandika maswali yote kwenye daftari, kliniki ni wiki ijayo. Ila tangu jana anasema miguu ina ganzi na inakosa nguvu, leo mkojo unatoka kwa shida, tukadhani ni dawa za maumivu.

nesi_mstaafu: Marahaba, ila usisubiri kliniki. Hiyo pingili huenda inabana mishipa ya fahamu ndani ya uti wa mgongo, mpelekeni emajensi leo hii usiku huu, akichelewa miguu inaweza isirudi tena. Alale chali amenyooka, msimvute mikono wala msimkalishe, mkimgeuza mgeuzeni mwili wote kwa pamoja. Mkifika mwambieni daktari wa zamu kuwa mgonjwa ana kansa kwenye pingili, watamwanzishia deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, wakati wanatafuta picha ya MRI. Na ile CT msiisahau nyumbani.