Mrejesho: rekodi za dawa za Wabatwa

Niliuliza hapa kama niweke Wikimedia Commons, hazina huria ya picha na sauti mtandaoni, rekodi za mama wazee wa Kibatwa wa Kalehe, mashariki mwa Kongo (DRC), wakisimulia hadithi na kueleza dawa za msituni. Asanteni mlionizuia. Nilitoka Bukavu nikarudi kwao, nikawaeleza wazi: leseni ya CC BY-SA, inayoruhusu yeyote kutumia kazi mradi amtaje mwenyewe na kutumia leseni ileile, haiondoleki, ukishaitoa, hata kampuni inaweza kuitumia rekodi kibiashara. Walikaa kimya muda mrefu. Kisha mama mmoja akasema hadithi ziende, dawa zibaki. Mizizi mingine hata mkwe haonyeshwi! Sheria ya Kongo ya 2022 inalinda haki za watu wa asili kama Wabatwa, lakini mimi sikuwa nimewaomba ruhusa ya kuzitoa rekodi hizo hadharani, na inaniuma. Faili za dawa nimewarudishia, kwangu nimefuta. Hadithi nitazipandisha wiki ijayo, kwa majina watakayochagua wenyewe.