Naomba ushauri: ungebaki na umri gani milele?

Habari zenu, wakubwa shikamooni. Hapa Ngamiani, Tanga, tumebishana barazani na kahawa tangu magharibi: ukipewa umri mmoja ubaki nao daima, uchague upi? Vijana wanataka 25. Mimi moyo unanivuta kwenye 40. Najua mifupa hufikia uimara wake karibu na miaka 30, na baada ya 40 macho huanza kukataa vitu vya karibu. Mama yangu siku hizi hatii uzi kwenye sindano mpaka aite mjukuu. Lakini kwenye 40 akili imetulia, na wazazi mara nyingi bado wapo. Kinachonitesa ni watoto: wazeeke wanipite, kisha niwazike mimi? Mliovuka 60, nyinyi mngesimama wapi, na kwa nini?